Kamba ya Kagawad Haikuzidi

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, mji wa Santa Milagros

Jina: Salvacion Zafe Tabuzo
Umri: miaka 58
Hali: mjane
Kazi: msokota kamba
Makazi: kijiji cha Hinoguian, nyuma ya kanisa
Tarehe na saa ya kuanza: Jumanne, 18 Juni 2019, saa tatu na dakika kumi asubuhi
Anayeandika: Sajenti Analyn Tejerero

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Sikuitwa na mtu. Nimetembea kilomita sita kutoka Hinoguian, na Afande Sajenti aliponiambia, "Mama, hii ni kesi ya mbwa tu, rudi nyumbani ukapumzike," nilivuta kiti nikakaa. Naomba na hilo liandikwe.

Kwanza niseme lisilofichika. Mlalamikaji, Rodel Zafe, miaka 51, mkuu wa mgambo wa kijiji chetu, ni mdogo wangu wa tumbo moja. Nimekuja kusema kinyume chake. Nimeulizwa kama tuna ugomvi wa urithi au wa shamba. Hatuna. Jumamosi iliyopita nilimpelekea samaki.

Nimeulizwa pia kama nina maslahi katika jambo hili. Ninayo. Kamba inayosemwa imezidi niliisokota mimi kwa mikono hii, na mbwa aliyefungwa nayo atauawa kesho Jumatano saa mbili asubuhi kama mtu hatasema. Ndiyo maana nimekuja leo na sikungoja wito.

Sheria ndogo ya kijiji chetu kuhusu mbwa ilipitishwa Februari mwaka huu, baada ya mtu wa kijiji cha pili kufa kwa kichaa cha mbwa. Siipingi. Niliinyooshea mkono. Inasema mbwa akiwa mahali pa watu, iwe sokoni, barabarani au uwanja wa kanisa, awe na kamba mkononi mwa mtu, na kamba isizidi mita moja na nusu. Mbwa akiuma akiwa kwenye kamba halali, anafungwa kwake siku kumi na nne aangaliwe. Akiuma akiwa kwenye kamba iliyozidi, anahesabiwa kwamba hana kamba kabisa, na siku ya tatu anauawa. Kwa hiyo hapa hatubishani urefu wa kamba kwa kupenda ubishi.

Sasa, Afande ametoka mjini, kwa hiyo namweleza. Kwetu hakuna anayeuza kamba kwa mita. Kamba inapimwa kwa pima: unaweka kamba kifuani, unanyoosha mikono yote miwili mpaka mwisho, kutoka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole. Kila msokotaji ana pima yake na kila mnunuzi anajua ananunua pima ya nani. Ukinunua kwa mtu mfupi, unajua. Hakuna anayelalamika.

Siku ya mkutano wazee walinung'unika kwamba hawajui mita. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Fermin Arcilla, akasimama akasema, "Jamani tusisumbuane. Pima ya Salvacion ni mita moja na nusu, tuliipima wenyewe tulipofunga mahema ya sikukuu. Basi tuseme pima moja, mambo yaishe." Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, maana nani hapendi kusifiwa? Kesho yake fundi rangi akaandika kwenye ubao wa uwanjani: KAMBA YA MBWA ISIZIDI PIMA MOJA. Hakuandika pima ya nani. Kosa liliingia hapo, na sisi wote tulilishangilia.

Tangu mwezi wa Machi anayepima ni mdogo wangu, kwa mikono yake mwenyewe.

Mnamo tarehe 16 Juni 2019, siku ya Jumapili, saa mbili na robo asubuhi, nilikuwa uwanja wa kanisa, baada ya misa ya kwanza. Nilisimama kwenye meza ya Belen Sorrera, muuza mikate ya mchele. Kutoka pale nilipokuwa mpaka tukio lilipotokea ni hatua saba. Jana nimerudi kuzihesabu.

Nilimwona Mzee Artemio Bañares, tunayemwita Mzee Temyong, miaka 76, akitoka mlango wa pembeni na mbwa wake. Macho ya Mzee yana ukungu. Anaona mwanga na giza, basi. Mbwa wake anaitwa Kagawad, ambacho kwetu ni cheo cha diwani, kwa sababu tangu akiwa mdogo anahudhuria kila mkutano wa kijiji na kulala mpaka mwisho. Madiwani wenyewe wanalicheka jina hilo. Alichanjwa mwezi wa Machi na kadi ninayo hapa, Afande ameiona. Mzee hamvuti mbwa huyu, mbwa ndiye anayemvuta Mzee. Kamba ikiwa fupi mno, Mzee anamkanyaga. Ikiwa ndefu mno, hajui wamekata kona lini. Alikuja kwangu mwenyewe mwezi wa Februari, akatembea na kamba tatu uani kwangu, mpaka akasema, "Hii. Hii naisikia vizuri." Ilikuwa pima moja. Sikuongeza wala kupunguza.

Rodel alikuja kutoka upande wa ubao. Alikuwa amevaa fulana yake ya kazi, yenye mikono mirefu. Maneno yaliyosemwa ni haya, nayakumbuka.

Rodel alisema, "Mzee, simama hapo. Nione hiyo kamba."

Mzee alisema, "Ni ileile ya jana, mwanangu. Haijaota usiku."

Watu walicheka. Mdogo wangu hapendi kuchekwa, hata tukiwa mezani.

Rodel: "Sheria haina utani, Mzee. Inyooshe."

Mzee: "Haya, pima. Ila polepole. Kagawad hapendi kushikwa shingo, kama diwani yeyote yule."

Watu walicheka zaidi, na Belen alicheka mpaka akadondosha jani la mgomba alilokuwa anafungia mikate. Rodel alishika kamba kwa mkono wa kulia pale mkononi mwa Mzee, kisha akainama na kushika kwa mkono wa kushoto pale shingoni mwa mbwa. Akanyoosha. Mkono wa kushoto uliishia njiani, kamba ikabaki imelegea. Badala ya kuiachia shingo, akaivuta kamba pale shingoni mpaka miguu ya mbele ya mbwa ikaondoka chini. Mbwa alikoroma mara mbili. Mara ya tatu alimuuma kwenye kifundo cha mkono, akaachia papo hapo, akajificha nyuma ya Mzee. Hakufukuza mtu. Hakuuma tena.

Rodel alinyanyua mkono unaotoka damu akasema kwa sauti kubwa, "Imezidi! Mmeona wenyewe! Vidole vinne!"

Pale uwanjani walikuwepo watu si chini ya thelathini. Kila mtu aliangalia viatu vyake.

Mimi nilisema, "Rodel, nenda kaoshe mkono kwa sabuni kwanza."

Alisema, "Dada, usiingilie kazi ya serikali."

Nilisema, "Kamba hiyo ni yangu."

Alisema, "Ndiyo maana imezidi."

Nimeulizwa nilijisikiaje. Niliumia, Afande. Nimesokota kamba miaka arobaini. Kamba zangu zimefunga mapaa ya nyumba wakati wa vimbunga, zimeteremsha majeneza kaburini, likiwemo la mume wangu. Hakuna aliyewahi kusema Salvacion anaibia watu au anawazidishia. Nilitamani nimpige kofi mbele ya kanisa. Sikumpiga.

Saa mbili na nusu mgambo wawili walimchukua mbwa wakamtia kwenye kizimba nyuma ya ofisi ya kijiji. Mzee alibaki amesimama, kiganja amekikunja vilevile kama bado kimeshika kitu. Nilimshika mkono nikampeleka kwake. Njiani alisema, "Salvacion, wewe unavuta vibaya. Kagawad husimama kwenye mtaro." Nilikuwa nimemwingiza kwenye mtaro. Jioni ile walimletea karatasi ya kukubali mbwa auawe, wakamwekesha dole gumba. Hawakumsomea.

Mnamo tarehe 17 Juni, Jumatatu, saa moja asubuhi, nilimpelekea wali na majani ya magimbi ya tui la nazi, yenye pilipili kama anavyopenda. Saa sita nilirudi nikakuta sahani kama ilivyokuwa, na sisimizi juu yake. Alikuwa amekaa mlangoni. Aliniuliza kizimba kina kivuli au hakina. Nikasema kina. Nilisema uongo, na ndio uongo pekee utakaoukuta kwenye karatasi hii.

Kisha nilizunguka nyumba kwa nyumba kutafuta mtu wa kuja naye hapa. Sikupata hata mmoja. Nataja jibu la mtu mmoja tu, Belen, kwa sababu lilikuwa la haki.

Belen alisema, "Mimi nilikuwa nageuza mikate, sikuona kitu."

Nikamwambia, "Mikate ilikuwa imeshaisha, Belen. Ulikuwa unacheka."

Akaacha kukunja jani alilokuwa nalo. Akasema, "Mwezi wa nne mbwa wangu aliuawa. Kamba yako, mikono ya ndugu yako. Nilikuja kulia mlangoni kwako. Siku ile ulisema nini, Salvacion?"

Sikuwa nimesema kitu. Hii ni kweli na naomba iandikwe kama ilivyo. Mwezi wa Aprili mbwa wawili waliouma watu waliuawa Hinoguian kwa vidole vinne hivihivi, na kamba zote mbili zilikuwa zangu. Watu waliaminishwa kwamba pima yangu imelegea kwa uzee. Belen siku hizi hununua kamba za nailoni mjini. Mimi nilikuwa najua sababu, nikanyamaza.

Nimeulizwa sababu gani. Sasa ndio naisema, na Afande asinikatishe.

Mkono wa kushoto wa mdogo wangu haunyooki. Kiwiko kimepinda. Kijiji kizima kinajua. Ndiyo maana huvaa mikono mirefu hata kwenye jua la Aprili, na ndiyo maana watu waliangalia viatu vyao. Kwetu, kilema cha mtu hakitajwi mbele yake. Ni heri uambiwe mwizi kuliko uwe mtu aliyemwaibisha mwenzake hadharani kwa mwili wake. Hiyo ni desturi nzuri na nimelelewa nayo. Lakini wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa aliyeficha ni mtu na waliokufa ni mbwa. Basi mimi naitaja: pima ya Rodel Zafe ni pungufu. Kamba yoyote halali katika kijiji kile, mikononi mwake, itazidi.

Nimeulizwa mkono ulivunjika vipi. Miaka thelathini na miwili iliyopita, mwaka wa kimbunga kilichobeba daraja, tulikuwa wawili nyumbani. Yeye alikuwa na miaka kumi na tisa. Paa lilikuwa linaondoka, nikampigia kelele apande alifunge. Nilimrushia kamba. Akaanguka nalo. Daraja halikuwepo, hakuna aliyeweza kufika hospitali kwa siku tisa. Nikakata vipande vya mianzi, nikaufunga mkono wake kwa kamba yangu mwenyewe. Niliufunga kwa nguvu zote na niliufunga vibaya. Ulipofunguliwa ulikuwa umeshaungana hivyo.

Kila aliyemuuliza, alimwambia ni mganga wa mifupa, yule wa mlimani, aliyekwishafariki. Miaka thelathini na miwili anamsingizia maiti ili watu wasiseme dada yake hajui kufunga kamba. Sijawahi kumshukuru. Hata leo sikuja kumshukuru.

Jana jioni, saa kumi na moja na nusu, nilikwenda kwake. Kifundo kilikuwa na bendeji na alikuwa ameshachomwa sindano ya kwanza. Nilimwambia afute malalamiko, nikamwambia kwa nini.

Alisema, "Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Unataka niende kuwaambia watu nini? Kwamba miezi mitatu nimepima kwa mkono wa kilema?"

Nilisema, "Ndiyo. Hivyo hivyo."

Alisema, "Na wale mbwa wawili?"

Nilisema, "Hao ndio wa kusemewa kwanza."

Alisema, "Toka nje, Dada." Nikatoka. Nilipofika uani nilimwambia kwa sauti ya majirani kusikia kwamba nikitoka hapo naenda ofisi ya kijiji, na asubuhi nakuja polisi. Sikujificha.

Nimeulizwa kamba hii iliyo mezani nimeipata wapi. Niliitungua msumarini, ofisi ya kijiji, jana saa kumi na mbili jioni, mlango ukiwa wazi na mgambo wa zamu akila. Afande amesema hicho ni kielelezo na sikuwa na ruhusa. Basi andika nimekiiba. Nitashtakiwa mimi, si mbwa, na mimi ninao mdomo. Kama mtu atasema nimeikata, atazame mwisho wake. Kamba yangu haifungwi fundo mwishoni. Nyuzi zinarudishwa ndani na kusokotwa upya, na penye kishikio nimepitisha uzi mwekundu. Kazi hiyo inanichukua nusu siku, na uzi huo umefifia kwa jasho la mkono wa Mzee tangu Februari. Hakuna anayefifisha uzi kwa usiku mmoja.

Naona Afande ana utepe wa chuma hapo kabatini, ule wa kupimia ajali za barabarani. Naomba utolewe sasa. Nataka ipimwe kamba, kisha nipimwe mimi. Na kama sheria ni sheria, aitwe na mlalamikaji avue fulana apimwe pia. Mimi sitapunguza neno. Nimeambiwa nifikirie tena sehemu inayohusu mkono wa ndugu yangu, kwamba si lazima iingie kwenye jalada. Nimefikiria tangu Aprili. Iingie.

Niliyoyaona na niliyoyatenda ni hayo. Nimesomewa yote kwa lugha ninayoielewa, na palipoandikwa "mbwa mkali" nimeomba pafutwe, pamefutwa. Mwingine akija kusema tofauti, aje na utepe.

Sahihi: S. Z. Tabuzo

MAANDISHI YA AFISA

Nathibitisha kwamba nimeyaandika maelezo haya na kumsomea shahidi. Alikataa kuondoa sehemu yoyote isipokuwa maneno mawili aliyoyataja.

Saa nne na dakika ishirini, mbele ya shahidi na askari wa zamu, nilipima kamba kwa utepe wa chuma wa kituo. Urefu, kutoka kishikio hadi shingoni: mita moja na sentimita arobaini na tisa. Nilimpima shahidi mikono ikiwa imenyooshwa: mita moja na nusu kamili. Uzi mwekundu nimeuona. Umefifia.

Saa nne na nusu nilimpigia simu Mwenyekiti wa kijiji cha Hinoguian na kumwagiza mbwa asiguswe, arudishwe kwa mmiliki na afungwe huko siku kumi na nne. Mwenyekiti aliuliza kama kweli Salvacion ameutaja ule mkono. Nilijibu ndiyo. Akasema atambeba mbwa mwenyewe.

Saa tano na dakika tano mlalamikaji Rodel Zafe alifika kituoni kwa pikipiki yake, bila kuitwa. Alikuwa amevaa fulana ya mikono mifupi. Aliomba kusomewa maelezo ya dada yake, nikamsomea. Alisimama muda wote. Aliomba apimwe, nikampima: mita moja na sentimita arobaini na mbili, ijapokuwa yeye ni mrefu kuliko shahidi. Alifuta malalamiko na kuniandikia majina ya wenye mbwa wawili wa Aprili, akisema atakwenda kwao leo hii, kuanzia kwa Belen Sorrera. Alikuwa na jambo moja tu la kupinga katika maelezo, pale shahidi aliposema aliufunga mkono vibaya. Alisema, "Weka kwamba ulifungwa vizuri. Mfupa ndio ulikuwa mkaidi." Shahidi alisema neno lake lisiguswe. Walibishana mbele ya meza yangu kwa dakika kumi, nikaamua kuyaandika yote mawili.

Kuhusu kielelezo kilichotunguliwa msumarini, sioni haja ya kufungua jalada. Nimemkabidhi shahidi kamba akamrudishie mwenyewe.

Waliondoka saa tano na nusu kwa pikipiki moja, ile ya mlalamikaji. Kwa kuwa kifundo chake kina bendeji, aliyeendesha ni shahidi. Leseni sikuuliza.

Sajenti A. Tejerero